Upepo wa Kipindi cha Pili

Jumamosi, 2 Agosti

Namshukuru Mungu nimerudi nyumbani na begi langu. Ilibaki kidogo tu lisirudi.

Mazoezi ya Maveterani wa Kibaoni, uwanja wa Katindiuka, jua likianza kupoa. Mpira mpya! Tumeuchangia wote, umetoka Dar, mweupe kama gauni la komunio ya kwanza. Mimi, kama mtunza mipira wa timu, ndiye niliyepewa heshima ya kuujaza upepo. Karibu na tundu umeandikwa: 0.6–0.8 BAR. Nikachagua nane, tusionekane wabahili. Nikatoa pampu yangu ya mguu yenye geji. Geji imeandikwa PSI. Nikadhani ni jina la kiwanda. Nikakanyaga kidogo, mshale ukatikisika juu ya sifuri. Imefika! Sijawahi kumaliza kazi mapema hivyo.

Amedeus, straika wetu, akarudi nyuma, akaja mbio, akapiga. Mpira ukasema pwaa. Ukabaki palepale, na alama ya kiatu chake ubavuni.

Vicheko mpaka kwa wanaopeta mpunga ng'ambo. Fulgence, anayeuza chaja na vifuniko vya simu pale Kibaoni, akauliza kama leo tunacheza au tunakanda unga wa maandazi. Halafu akanyoosha mkono kwa begi, kwa upole kabisa, kama mtu anayempokea mgonjwa. Analitaka begi hili tangu Pasaka.

Mwenyekiti wetu, Mzee Eustaki, akaniita pembeni. Akanikumbusha mpira wa kwanza (nilizuia nao tairi la trekta lisirudi nyuma). Akanikumbusha na wa pili (sitaki kuuandika). Akasema, Vale, mwanangu, kosa moja tena Ijumaa na begi linakwenda kwa Fulgence. Ananiita mwanangu, na mimi nina mvi kifuani.

Ijumaa si siku ndogo. Ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, tunakwenda kijiji cha Mbingu kucheza na maveterani wao, na mshindi anachukua ng'ombe. Ng'ombe mzima! Ametolewa na Nkwabi, mfugaji Msukuma wa kule, ambaye pia ni beki wao, na ana mwili wa kufungia mlango wa ghala. Masika maji yalipojaa tulikwenda kumsaidia kuvusha ndama zake, sisi na watu wa Mbingu. Ng'ombe ni shukrani yake.

Miguu yangu haijawahi kufunga goli. Kuimba kwaya nimekataliwa. Kwenye timu hii mimi ni begi, na begi ni mimi. Haliondoki!

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa nikamvizia Mwalimu Herieth, jirani yetu, anayefundisha fizikia sekondari. Akaniamkia shikamoo baba, nikasema marahaba, na kabla hajapita nikamwekea mpira mikononi.

Mungu ambariki binti huyu. Hakucheka. Yaani alicheka, lakini aligeukia ukutani kwanza.

Akasema hewa ndani ya mpira si kitu kilichotulia. Ni vipande vidogo visivyoonekana, vinakimbia na kugonga kuta bila kupumzika, kama kumbikumbi wanavyogonga kioo cha taa masika. Ukiongeza hewa, vinakuwa vingi, vinagonga zaidi. Ukiupasha moto, vinakimbia zaidi, vinagonga kwa nguvu. Kule kugonga ndiko mgandamizo. Mbona hakuna aliyeniambia kwa miaka yote hii? Nimeishi na kumbikumbi ndani ya begi!

Halafu akasema BAR na PSI ni vipimo viwili vya kitu kimoja, kama debe na kilo kwenye mpunga. Bar moja ni PSI kumi na nne na nusu. Kwa hiyo sifuri nukta nane mara kumi na nne na nusu ni kumi na moja nukta sita. Mimi jana nilijaza sifuri nukta nane ya PSI, yaani pumzi ya mtoto mchanga.

Nikamuuliza na hii hewa ya nje, inayotuzunguka hapa Ifakara? Akasema nayo inatubana, karibu bar moja nzima, ila hatuisikii kwa sababu inatubana pande zote, ndani na nje.

Bar moja! Juu ya kichwa changu! Na bado nimetembea mpaka kanisani na kurudi. Nilishukuru kwa mwili huu, pamoja na kitambi chake.

Kandida, mke wangu, akasema kama hewa inanibana pande zote, basi angalau kuna kinachonibana.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha kamati ya ufundi, chini ya bati la Dionisi, fundi pancha na kipa wetu. Nilikwenda na kumi na moja nukta sita kifuani, nikiwa na amani.

Nikasimama. Nikaeleza. Kumbikumbi, taa, kila kitu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa heshima. Ndipo Fulgence akainua simu yake. Akasema ameingia mtandaoni, na mpira huo unatakiwa themanini.

Themanini! Nikaruka. Nikasema bwana wewe unataka kutuua, hata tairi la bodaboda halipati themanini. Dionisi akaunga mkono, akasema yeye anajua bodaboda thelathini na lori mia, na mpira si lori. Fulgence akasema simu haisemi uongo. Nikasema simu yake imepasuka kioo. Akasema na mimi nimepasuka kichwa.

Mzee Eustaki akagonga meza. Akasema hapa tunakwenda kwa demokrasia. Tukapiga kura. Zikalingana! Basi mwenyekiti, mtu wa busara asiyependa ugomvi, akaamua tukutane katikati: themanini na kumi na mbili kasoro kidogo, tugawanye kwa mbili, tujaze arobaini na sita. Kila mtu akapiga makofi. Na mimi nikapiga. Niliona ni suluhu ya kiungwana.

Mwalimu Herieth akapita na ndoo yake ya dagaa. Dionisi akamwita amalizie. Mwalimu akamuuliza Fulgence, themanini ya nini? Fulgence akaangalia simu, akasoma kwa shida: kilopaskali. Mwalimu akasema bar moja ni kilopaskali mia. Themanini ni sifuri nukta nane ya bar. Ni kumi na moja nukta sita ya PSI. Ni kitu kilekile, baba zangu. Mlikuwa mnagombania shati moja, huyu anaita shati, huyu anaita bulauzi.

Mzee Eustaki akauliza: Na arobaini na sita je? Mwalimu akasema arobaini na sita haina jina la kipimo, hiyo ni ya kwenu wenyewe.

Nashukuru. Ni mara ya kwanza mimi na Fulgence tumeshindwa pamoja, hakuna aliyetangulia. Tulitoka tukiwa tumeshikana mabega. Kufika barabarani akaniambia lakini begi ni begi.

Jumatano, 6 Agosti

Usingizi ulikataa, na hilo limeleta heri. Nimegundua kitu ambacho hata Mwalimu alisahau!

Mpira unataka sifuri nukta nane. Sawa. Lakini nje kuna hewa inayoubana kwa bar moja. Si lazima kwanza uishinde hiyo ya nje, ndipo uanze kuhesabu yako? Moja ya kuzuia, sifuri nukta nane ya kuchezea. Jumla moja nukta nane. Mara kumi na nne na nusu: ishirini na sita na ushee! Nilijisikia kama mtu aliyeokota kiatu cha pili.

Nikajaza uani, peke yangu, mpaka ishirini na sita. Mpira ukaanza kulia kama ngoma ukiugusa. Nikaupiga penalti kuelekea ukuta wa choo.

Mguu wangu! Mpira ukagonga ukuta, ukarudi ukipita sikio langu, ukaenda kwenye turubai la Kandida alilokuwa ameanika mpunga, ukatawanya bata, ukaangusha sufuria ya maharage. Nashukuru yalikuwa hayajaungwa.

Nikakaa chini kufikiri, kwa kuwa kusimama kulikuwa kugumu. Ama hesabu imekosea, ama mguu wangu umezeeka. Nimeamua ni mguu.

Nikampitia Mwalimu, nikamuuliza kwa mbali, bila kusema nimefanya nini. Akasema hapana baba, geji yenyewe inahesabu ile inayozidi hewa ya nje tu. Sifuri ya geji tayari ni bar moja. Usijumlishe chochote. Nikamshukuru sana. Msichana mwenye subira kweli.

Basi ishirini na sita ni kosa. Lakini ni kosa zuri! Mbingu wana kipa anaitwa Ngusa, mikono kama koleo, hajawahi kuachia mpira. Hebu ajaribu kudaka jiwe la kusagia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango umekamilika. Utaratibu wetu bonde hili unajulikana: kipindi cha kwanza mnacheza na mpira wa wenyeji, kipindi cha pili na mpira wa wageni. Kwa hiyo kipindi cha pili mpira ni wangu. Nimeupunguza upepo wasiushtukie mapema; mapumziko nitazunguka nyuma ya lori, nitakanyaga pampu mpaka ishirini na sita, nirudi nikipiga mluzi. Ngusa anapanguliwa. Tunafunga matatu. Ng'ombe ndani ya lori. Begi langu mpaka kufa.

Nilimweleza Kandida kwa siri. Akaendelea kuchagua mchele. Halafu akasema, Baba Violeth, na kipa wenu Dionisi kesho anavaa mikono ya chuma?

Nikacheka. Mke wangu ni mwema, ananipikia, ananivumilia, lakini mpira haujui.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Naandika nikiwa nimeshiba. Niseme kwa mpangilio.

Tulifika Mbingu na lori la mpunga, tukiimba. Uwanja umejaa. Ng'ombe amefungwa nyuma ya goli, mwekundu, ananenepa huku tunamwangalia. Nikamsalimia Nkwabi mwangaluka, ndilo neno langu moja la Kisukuma. Akacheka, akaniambia mwangaluka ni ya asubuhi, sasa hivi ni mchana, nilale tena niamke. Mkewe Dorika akatupa maji. Watu wazuri hawa. Niliona haya kidogo kwa mpango wangu, lakini haya ikapita.

Kipindi cha kwanza, mpira wao: hakuna kwa hakuna. Ngusa alidaka kila kitu. Angekuwepo kunguru angedakwa.

Mapumziko. Nyuma ya lori. Kanyaga, kanyaga. Kumi na moja nukta sita. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeacha. Ishirini. Ishirini na sita! Nikarudisha pampu ndani ya lori, na dereva akaondoka nalo kwenda kuchota maji ya mapishi. Nikapiga mluzi.

Kipenga. Mpira kati. Nkwabi akapiga mbele bila nia yoyote, pasi ya mzee tu. Ukaruka! Ukapita juu ya wote kama umeitwa nyumbani. Dionisi akaufungulia mikono, ukamgonga kifuani, ndu! Yeye akaanguka upande huu, mpira ukaanguka upande ule. Wavuni.

Moja bila. Nilikuwa nimesahau jambo dogo: mpira ni mmoja, na wote wanaupiga.

Na Amedeus akapata nafasi, akaupiga, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja akimtaja mama yake. Mpira ulipatikana kwenye mihogo. Refa, Bwana Mayunga, muuza dawa za mifugo wa pale Mbingu, akaubonyeza kwa dole gumba. Dole halikuingia. Akauliza kwa sauti nani amejaza hiki kitu. Maveterani wote wa Kibaoni wakageuka kuniangalia. Fulgence hakugeuka, alikuwa ananiangalia tayari. Akasema, Meneja Begi, nenda ukatuokoe.

Nikaingia na sindano ya upepo. Nikaichomeka, upepo ukaanza kutoka fyuuu. Fulgence akapiga kelele: themanini! Mashabiki wakadakia: themanini! themanini! Mwingine akasema arobaini na sita! Sina geji, geji iko kwenye pampu, pampu iko kwenye lori, lori liko mtoni. Nikavuta sindano, ikapinda, ikakwama. Fyuuu ikaendelea. Ilipotoka, mpira ulikuwa umerudi palepale pa Jumamosi. Unga wa maandazi.

Bwana Mayunga akaangalia jua. Akasema chezeni hivyohivyo, mpira wa kipindi cha kwanza watoto wameshaukanyaga ukapasuka kule.

Dakika zilizobaki sitazisahau. Wazee ishirini na wawili wanausukuma kama gunia. Nkwabi anapiga kwa nguvu zake zote, pwaa, hatua mbili. Mimi pembeni, nimelikumbatia begi kwa mara ya mwisho. Niliona kabisa mgongo wa Fulgence ukilibeba.

Mwisho kabisa Mzee Eustaki akaingia. Huwa anaingia mwishoni kila mechi, kwa heshima ya uenyekiti, anasimama mbele ya goli la wenzetu na kupungia watu. Amedeus akapiga kwa mguu mzima uliobaki. Ngusa akaruka vizuri mno, akafika pale mpira ulipopaswa kufika. Mpira haukufika. Ulikata tamaa njiani, ukatua miguuni pa mwenyekiti. Mzee akaukanyaga, ukabonyea, akateleza, akaanguka na tumbo lake juu yake, na wote wawili, yeye na mpira, wakabingirika polepole kuvuka mstari.

Goli! Moja kwa moja! Ni goli lake la kwanza tangu timu ianzishwe. Hakutaka kuinuka. Alilala mle wavuni amelishika jani la nyasi, akasema niacheni kwanza, niacheni, nataka kulisikia vizuri.

Sare. Na ng'ombe? Watu wakaanza kubishana: penalti, kesho, nusu kwa nusu. Nkwabi akatembea hadi katikati ya uwanja. Akasema masika ile, maji yakiwa kiunoni, hakuna aliyeuliza ndama huyu atashikwa na Kibaoni au na Mbingu. Mtu alishika aliyekuwa karibu naye. Basi nyama iko palepale, kila mtu ashike iliyo karibu naye. Kisha akanionyesha mimi, akasema isipokuwa huyu, yeye hakuvusha ndama, yeye ndama alimvusha. Ni kweli. Nilishika mkia nikateleza, na yule mnyama akanivuta hadi ng'ambo. Walicheka wote, na mimi pia. Kama si ule mkia, leo nisingekuwa na wa kumshukuru wala cha kumshukuria.

Tulikula pamoja. Dorika alinipa vipande vya mbavu mara mbili, akasema shemeji ongeza, umehangaika.

Jumamosi, 9 Agosti

Hukumu ilitolewa barabarani, juu ya lori, wakati wa kurudi. Fulgence alisimama akisema ushahidi uko wazi. Na ulikuwa wazi. Nikalivua begi begani mwenyewe.

Mzee Eustaki, ambaye alikuwa bado hajafuta vumbi la tumboni, akauliza: Vale angejaza sawasawa, mimi ningefunga? Wote wakaanza kuangalia barabara. Akauliza tena. Dionisi akasema hapana mwenyekiti, usingefunga. Basi, akasema, begi libaki kwa Vale. Pampu iende kwa Fulgence.

Begi langu! Nililia kidogo, nikasingizia upepo wa barabarani. Fulgence aliichukua pampu, akaitazama geji, akaniuliza kwa sauti ya chini eti PSI ni kiwanda cha wapi. Nimemwambia aje Jumapili tumwone Mwalimu pamoja. Nampenda huyu mtu, wakati mwingine.

Jumanne, 12 Agosti

Tangu ile nyama kichwa kilikuwa kinagonga. Kandida akanipeleka kituo cha afya, akanishika mkono njia nzima nisikatize mahali. Nashukuru kwa mke wa namna hii.

Nesi akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo kwa kipira. Nikamwambia mimi pia ni mtu wa kazi hiyo. Akasoma: mia moja hamsini kwa tisini na tano. Akasema mzee, iko juu. Punguza chumvi, punguza nyama, tembea, rudi wiki ijayo nipime tena. Kandida akaitikia kila neno kama yuko kwenye litania.

Nikauliza mia moja hamsini ya nini? Nesi akashangaa. Akasema hakuna mgonjwa amewahi kumuuliza. Ni milimita za zebaki.

Ahaa! Wengine wangekubali tu na kurudi nyumbani na hofu. Nilipita kwa Mwalimu Herieth, nikamuuliza bila kusema ni ya nini. Akasema milimita mia saba sitini za zebaki ni sawa na PSI kumi na nne nukta saba. Nikakaa uani nikapiga hesabu, mara mbili, bila kujumlisha hewa ya nje, kwa sababu mimi si mtu wa kurudia kosa.

PSI mbili nukta tisa.

Mbili nukta tisa! Mpira wenyewe, ukiwa na upepo mdogo kabisa unaoruhusiwa, unataka nane nukta saba. Mimi mtu mzima, baba wa familia, natembea na robo na ushee ya mpira! Ndiyo maana nachoka. Simlaumu nesi, bado mdogo, na kipimo chake hakikuandikwa PSI. Wiki ijayo nitampelekea hesabu hii, bure, kwa shukrani.

Kandida ameficha chumvi. Nimeiona, iko juu ya kabati nyuma ya picha ya Bikira Maria. Saa kumi anakwenda jumuiya.